Jagi la Kunawia

Katika mji ule, mgeni hunawishwa mikono, mwenyeji hunawa mwenyewe. Nduwayo alikuwa ameoa pale, watoto wake walizaliwa pale, lakini hata kwa wakwe zake hakukosekana mtu wa kumshikia jagi kila chakula kilipotengwa. Alishukuru kila mara. Na kila mara alilitazama jagi lile mkononi mwa mwingine.

Asubuhi hiyo, kwenye ofisi ya uraia alikopeleka ombi lake, walikuwa wamemaliza kumchukua alama za vidole. Mikono ilikuwa myeusi kwa wino. Pembeni palikuwa na beseni na jagi la plastiki, naye kwa mazoea akakinga viganja, akangoja. Mkewe, Mwatumu, akainuka kumnawisha.

"Mwache," alisema mama wa makamo aliyekaa nyuma ya meza.

Mwatumu akasita. "Lakini majibu bado hayajatoka, mama."

"Majibu yatatoka kwa wakubwa, wala sijui watasema nini. Ya chumba hiki nayasema mimi." Akamgeukia Nduwayo. "Baba, jagi hilo hapo. Nawa."

Nduwayo akalishika. Akajimiminia, maji mengi yakamwagika sakafuni, na hakuna aliyemsaidia. "Ahsante, mama," alisema, kisha akasema tena.

Walipotoka, yule mama alichukua kitambaa, akafuta meza, akafuta sakafu. Alipofika kwenye jagi aliona alama nyeusi ya kidole gumba kwenye kishikio. Akalijaza maji, akaliacha vile vile.