Sikio la Mzee Mihayo

Nyamizi aliuacha mchi hewani. Baba mkwe wake, Mzee Mihayo, alikuwa anakuja, na nyumba ile hakuna aliyetwanga mzee akiwa karibu.

Ungepiga mara moja tu, du, mzee angedondosha bakuli. Ulikuwa mwaka wa pili huo tangu duara, lile shimo la dhahabu kule Mwakitolyo, limfukie Gregory, kifungua mimba wake. Kulala halali. Ugali anaugusa tu. Njia ya machimbo haikanyagi, anazunguka mbuga nzima, mtu wa miaka sabini! Na akikaa anainamisha kichwa, kama anasikiliza kitu chini ya kigoda.

"Anagonga," anasema. "Gregory anagonga."

Makoye, mume wa Nyamizi na mdogo wake Gregory, akampeleka zahanati. Daktari wa pale alikuwa mtu wa masihara lakini siku hiyo hakucheka.

"Mambo haya ni kama ng'ombe, bwana. Mmoja akienda lamboni, kundi zima liko nyuma. Kutolala, kushtuka, kukwepa njia. Nimewaona wazee wengi waliofiwa, yanakuja pamoja. Dawa sina. Hata ya kichwa sina."

Mwaka ule, si unajua, hata sukari ilikuwa ya foleni.

Basi Makoye akawaza, mzee hakuagana na mwanawe, ndiyo maana. Akambembeleza wiki nzima. "Twende na pombe kidogo, baba, tummwagie, tumwambie apumzike. Ukiendelea hivi nitakuzika na wewe."

Mzee akamtazama, akamtazama.

"Umenenepa, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Vizuri."

"Ugali wangu huo!" Nyamizi akadakia jikoni.

Asubuhi wakaenda, mzee kamshika mwanawe mkono njia nzima. Lile duara lilikuwa limeota nyasi. Makoye akaikumbuka siku yenyewe: yeye kamba kiunoni tayari kushuka, udongo bado unamomonyoka, wachimbaji wananyamazishana, na baba yake kalala kifudifudi, sikio chini. Ni mzee aliyeinuka akasema, "Kimya. Mwanangu amekwisha." Hapo ndipo watu wakamfungua Makoye kamba, wakaanza kulia.

Sasa mzee akapiga magoti palepale. Akamwaga pombe. Akalaza sikio, akakaa hivyo mpaka nzi wakaanza kumtambaa shingoni.

"Anagonga, baba?"

"Leo hapana."

Mzee akainuka taratibu. Akamshika Makoye kiuno kwa mikono miwili, pale pale ilipokuwa kamba.

"Siku ile ndiyo alikuwa anagonga."