Vidakuzi vya Simu ya Mugeta

Ng'ombe wa kwanza alijitokeza katikati ya bei za dagaa. Diana alikuwa akisoma habari za mwalo wa wavuvi kwenye simu ya mumewe, na chini ya aya ya pili akamkuta mtamba mweusi mwenye baka jeupe, na maandishi: "Bado unamtafuta? Yuko Bunda."

Diana hakuwa akitafuta ng'ombe. Alifungua ukurasa wa mapishi ya maandazi, ng'ombe akamfuata. Alifungua utabiri wa mvua, akakuta ng'ombe ameongozana na doti sita za vitenge na kitanda cha tano kwa sita.

Mwanamke mwingine angeona matangazo. Diana, mzaliwa wa Mara, aliona posa. Mwanamume wa huku akitafuta ng'ombe, vitenge na kitanda ndani ya wiki moja, hafungui duka. Na simu ilikuwa ya Mugeta, mume wake wa ndoa ya kanisani, baba wa mabinti zake watatu. Watatu, na mvulana hakuna. Hapo ndipo moyo ulipomuuma.

Kila asubuhi Mugeta aliiacha simu hiyo nyumbani, pale Kitaji, kwa sababu kiwanda cha samaki alikofanya kazi hakikuruhusu simu kupita getini. Ilishinda sebuleni na shangazi yake, Gati, mjane wa Butiama ambaye mabinti zake wote walishaolewa. Alikuja kutibiwa macho, na sasa kwa miwani yake mipya aliitumia simu kusoma masomo ya misa bila kuchoka.

Diana aliichomoa kwenye chaji, akaenda nayo mjini, kwenye stationari ya Fredi.

"Hivyo ni vidakuzi, dada," Fredi alisema baada ya kupekuapekua. "Ukiingia kwenye tovuti, inaacha kijikaratasi ndani ya simu. Ukirudi, inakisoma, inakukumbuka. Vya wenye tovuti havina shida sana, ndivyo vinakuepusha kuandika paswedi kila saa. Ila kuna vya watu wa matangazo. Hao wanakufuata kila unakokwenda, ndio wanakuletea hao ng'ombe."

"Kwa hiyo ni wadaku."

"Wadaku wa kupewa ruhusa! Si kuna kaujumbe kanakuulizaga 'Kubali vyote' au 'Kataa'? Kwenye simu hii kuna mtu anakubali tu. Angeweza kukataa, au achague anavyotaka. Na hivi vilivyomo tayari, naingia kwenye mipangilio, hapa kwenye faragha, nafuta vyote sasa hivi."

"Usiguse!" Diana aliidaka simu. "Unifutie mashahidi?"

Fredi alicheka. "Sawa. Lakini dada, kidakuzi kinaijua simu tu. Aliyeishika hakimjui."

Diana alikuwa ameshafika mlangoni.

Siku mbili zilizofuata alimpima Mugeta kwa macho. Akichelewa kurudi, ni ushahidi. Akiwahi, ni ushahidi mkubwa zaidi. Shangazi Gati naye, bila kuulizwa, akamtia chumvi kwenye kidonda. "Mji wa mtu ukikosa mtoto wa kiume, mwanangu," alisema akichambua mchele, "ni moto wa mabua." Kumbe hata ukoo unajua, Diana aliwaza.

Jumamosi mchana aliandaa ugali na sato, kisha akaiweka simu katikati ya meza, mbele ya mumewe na Shangazi Gati.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo wa Bunda."

Mugeta aliinama akatazama kioo. "Huyu ng'ombe?"

"Usinifanye mtoto, Baba Hilda! Vidakuzi vimeshasema. Kama ni kwa sababu sikukuzalia mvulana, ungeniambia kwa mdomo wako, si nikaambiwe na simu." Alimpenda mwanamume huyo, miaka kumi na minne sasa, na hakuona aibu machozi yalipomtoka mbele ya mgeni.

Mugeta aliweka tonge chini. "Diana, mimi nikioa mke wa pili nitamlaza wapi, juu ya paa? Naapa mbele ya Shangazi, ng'ombe huyu simjui."

Shangazi Gati alikuwa ameacha kutafuna. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena.

"Hivyo vidakuzi," aliuliza taratibu, "ndivyo vile vinaniombaga ruhusa asubuhi, kabla ya kusoma? Mimi navikubaliaga vyote. Mtu akipiga hodi kwa adabu, unamkataliaje?"

Diana alimtazama ajuza huyo wa miaka sitini na minane, akafikiria vitenge, akafikiria kitanda. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na nyuma ya aibu kikaja kicheko ambacho alishindwa kukizuia. Akajifuta machozi kwa kiganja.

"Shangazi jamani! Kumbe unaolewa?"

"Kuolewa niliolewaga zamani," alisema Shangazi Gati, akijimegea tonge jipya. "Sasa hivi naoa mke, kama wajane wa kwetu wasio na mvulana. Binti nimeshampata, na mvulana atakayenizalia ndiye atashika mji wangu."