Akala za Guleid

Mzee Kulow aliinama kando ya njia, akaweka kiganja juu ya unyayo. Ulikuwa mbichi. Kingo zake zilikuwa hazijaanza kumomonyoka.

"Ni zake, Abo?" Idman akauliza nyuma yake.

"Ni akala za Guleid. Kisigino cha kushoto kimekatwa pembeni. Nilikikata mwenyewe siku niliyomtengenezea viatu hivyo."

Idman akashusha pumzi, wakaingia msituni.

Kulow hakuwa mtu wa kubahatisha nyayo. Ujana wake wote alitafuta ngamia waliopotea, na watu walisema akitazama mchanga atakwambia ngamia ana mimba ya miezi mingapi na mchungaji wake amenuna kwa nini. Sasa macho yalikuwa yamepungua nguvu, lakini ya mchanga bado aliyaona.

Guleid alikuwa mwanawe wa pekee, na mume wa Idman. Mto Tana ulimchukua wakati wa mafuriko, miezi minane iliyopita, akivusha mbuzi pekupeku. Mwili haukuonekana. Waliomwona akizama walikwenda kwa kadhi wakatoa ushahidi, na majirani wakamswalia marehemu asiyekuwapo. Idman akakaa eda mpaka ikaisha. Kulow peke yake hakusimama safuni. Alijilaza akageukia ukuta, akakataa hata chai, na watu wakaanza kunong'ona kwamba msiba utakuwa wa pili.

Ndipo asubuhi moja Idman aliporudi kutoka mtoni na mtungi nusu, anahema. "Abo, amka! Nimeona nyayo!"

Mzee alitoka pekupeku. Aliutazama unyayo ule wa kwanza muda mrefu, muda ambao zamani ungemtosha kusoma kundi zima. Kisha akasema, "Twende." Jioni hiyo alikunywa maziwa, na Idman akalia kwa furaha jikoni akidhani hasikiki.

Tangu hapo nyayo zilionekana kila Ijumaa, na kila Ijumaa wakazifuata.

Leo ilikuwa lazima mambo yaishe. Abdisalam, kaka yake Idman, alikuwa amekuja kutoka Kutulo kwa mara ya tatu. Mama yao alikuwa mgonjwa na kila siku alimwulizia binti yake. Abdisalam alibaki barabarani ndani ya tuk-tuk, begi la dada yake miguuni.

"Maji yakimwagika hayazoleki, walaal, dada yangu," alikuwa amemwambia asubuhi. "Umemwona Guleid kwa macho yako?"

"Nimeona nyayo. Kama yu hai, mimi ni mke wa mtu. Siendi."

Mzee alisikia, akatafuta fimbo yake.

Njia ilipenya kwenye miiba ya mathenge, ikapita chini ya mikuyu ambako ngedere waliwazomea. Kila baada ya hatua chache Kulow alisimama kumngoja Idman. Siku hizi yeye ndiye aliyechelewa, si mzee.

"Hapa amepumzika," Kulow akasema. "Mguu wa kushoto unamuuma. Anaukanyagia vidole."

Idman akatazama kando. "Maskini."

"Na amekonda. Akala zinamcheza mguuni."

"Labda hali vizuri."

"Labda. Anayewahangaikia wengine husahau kula."

Wakatokea kwenye kiwanda cha pamba, au kilichosalia: kuta bila paa, mashine zimeshikwa na kutu, na mti umeota katikati ya sakafu, mkubwa kuliko mlango. Wenye kiwanda walikuwa wamejenga ukuta wa kuzuia mkono mmoja wa mto. Walipoondoka, mto ukauvunja, na tangu hapo maji yanaporomoka kwa kishindo ndani ya shimo refu. Hapo ndipo Guleid alipozama.

Nyayo zilivuka sakafu yenye vumbi, zikapita kati ya mashine, zikateremka mpaka kwenye jiwe lililolowa. Hapo zikaisha, kama kila Ijumaa.

"Amevuka," Idman akasema haraka. "Wiki ijayo tutamkuta, inshallah. Wewe kula tu upate nguvu, Abo."

Mzee alimtazama binti wa watu yule, mashavu yamebonyea, macho mekundu kwa kuamka kabla ya alfajiri. Moyo ulimuuma. Nyumbani hakuwa na mwingine wa kumwita Abo, baba.

Akateremka, akatawadha kwa maji yaleyale yaliyomchukua mwanawe. Akatandika kitambaa chake cha begani, akaelekea kibla.

"Adhuhuri bado, Abo."

Mzee akainua mikono, akapiga takbiri. Idman akangoja arukuu. Hakurukuu. Akapiga takbiri ya pili, ya tatu, ya nne, amesimama wima kama mtu aliye mbele ya jeneza, kisha akatoa salamu. Machozi yalikuwa yamefika ndevuni.

Idman akaziba mdomo kwa mtandio.

"Abdisalam anakungoja," mzee akasema. "Nenda kwa mama yako."

"Siwezi, Abo! Na nyayo je? Nani atakuamsha uzifuate?"

Kulow akaokota kitambaa, akachana ukingo wake, akampa kipande.

"Funga kisigino hicho cha kushoto, Kutulo ni mbali," akasema. "Tangu asubuhi ile ya kwanza nataka kukwambia, mwanangu: akala za Guleid ni kubwa mno kwa mguu wako."