Ukumbi Ulipoupokea Wimbo

Katikati ya wimbo, sauti ya mwimbaji mkongwe wa bendi ya roki kutoka Kroatia ilikatika. Magloire, mlinzi aliyesimama mbele ya jukwaa akiwatazama watu, alijua sasa ni fujo.

Badala yake ukumbi mzima uliupokea wimbo. Sakafu ilitetemeka mpaka akaihisi kwenye magego. Msichana mdogo, mabegani mwa baba yake, aliimba macho ameyafumba.

“Amezaliwa Kroatia?” Magloire alimwuliza baba mtu.

“Hapahapa Landani. Wimbo umemzidi umri. Tulitoka nao vitani.”

Makofi yalipotulia, Magloire, ambaye hakupiga gitaa tena tangu aikimbie Bukavu, alimpigia simu kaka yake aliyebaki kule.

“Gitaa langu,” alisema, “bado unalo?”