Sabuni ya Vichanga

Harufu ikishanunuliwa ng'ambo, hairuhusiwi kusikika tena nchini. Ndivyo sheria isemavyo. Kila mtengeneza sabuni pale Wete amefungiwa Pua, kidude cha ukutani kinachonusa kutwa. Kikiinasa harufu iliyouzwa, kikundi kizima cha akina mama hunyang'anywa leseni.

Wenzake Bi Mize kikundini walipowapelekea wanunuzi wa ng'ambo sampuli, walipeleka sabuni za kawaida. Yeye aliona haya kumpa mgeni kitu hafifu, akapeleka ile ya mwani na karafuu aliyofundishwa na mamake, ambayo hakuwahi kuiuza, ya kuogeshea vichanga vya ukoo wao. Wanunuzi waliing'ang'ania hiyo hiyo, wakainunua harufu yake.

Leo bintiye Raya amerudi kutoka hospitali na mtoto wake wa kwanza.

"Mama, mwogeshe na ile yetu."

"Si yetu tena, mwanangu."

"Kipande kidogo tu."

Bi Mize akaitazama Pua ukutani. Akamwogesha mjukuu kwa maji matupu, akamfunga kanga, akampa mamake.

Raya akamnusa mtoto utosini. Akamnusa tena.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "una hakika hospitali walitupatia mtoto wetu?"