Kapu la Mama Kanga

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe acha kutafuna. Mdomo ufungwe, masikio yafunguke.

Kanisa la wanyama lilikuwa limechakaa, na waumini hawakujua kama walitengeneze au wahamie ng'ambo ya mto. Wakafunga siku tatu kumwuliza Mungu. Mzee Nyati akaweka sharti: hakuna kutoka mpaka jibu lije.

Mama Kanga, mfagiaji, akaona unga wa mchwa ukimwagika chini ya nguzo ya kati, kisha akasikia nguzo ikilia kwaa! Na vifaranga wake walikuwa wamelala palepale.

"Mzee, nguzo inakatika! Tutoke!"

"Ala! Sisi tunamsikiliza Mungu, wewe unatuletea habari za vumbi?"

"Nyamaza, mama," akadakia Ngiri. "Roho hapendi kelele."

Atawatoaje hawa? Akaona kapu la ndizi za kufungulia mfungo. Akalinyakua, akawaita vifaranga wake, huyo nje!

"Mwizi!" Kanisa zima likamfuata mbio, Mzee Nyati mbele. Kabla hawajamfikia, nyuma yao paa likashuka puu!

Wakageuka, wakaona vumbi likipanda pale walipokuwa wamekaa. Hakuna aliyekumbuka ndizi.

"Kumbe jibu lilikuwa linafagia," akasema Nyati.

Basi mchwa wakarithi mimbari, Nyati akarithi aibu, na Mama Kanga akarithi neno la kwanza katika kila kikao. Mpaka leo kanga akilia porini, wanyama hukimbia kwanza, maswali baadaye.