Mwizi wa Rota

Mlango wa gereji ulipolia, Lorna Kreider alikuwa bado ameishika rota mkononi. Akaitumbukiza ndani ya kopo la shayiri, akashindilia kifuniko, akageukia sinki na kuanza kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Wendell, mumewe, akaingia jikoni akijifuta mafuta mikononi. "Mama, hujaiona rota yangu? Nimeiacha juu ya meza, nikaja kujinyoosha kidogo baada ya chakula. Narudi, haipo."

"Rota ndiyo nini?"

"Kidude cha plastiki, kama kidole gumba hivi. Kinakaa kwenye distribyuta, kinagawa moto kwa plagi. Bila hicho gari ni banda la kuku."

"Mimi na vyuma vyako wapi na wapi, mzee."

"Basi ni uzee," akasema Wendell, akarudi zake gereji. Lorna akabaki kuosha kikombe. Miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto wa kanisani Amri Kumi, na leo alikuwa anaiba nyumbani kwake, tena anamwibia mtu aliyelala.

Haikuwa mara ya kwanza. Rota ikija kwa posta, ikipotea, Wendell anaagiza nyingine. Ikakosekana na hiyo, anaagiza tena, wala halalamiki.

Gari lenyewe lilikuwa Plymouth Valiant la mwaka sitini na tatu, dogo, la kijani, lile la kubonyeza vitufe kubadili gia. Wendell alilikokota kutoka shamba moja nje ya mji likiwa na viota vya panya kwenye viti. Kabla ya hapo alikuwa amekaa dirishani majira yote ya baridi ya mwaka uliotangulia bila kusema na mtu, kwa sababu alikuwa amenyang'anywa leseni. Alipita taa nyekundu mjini Bucyrus, mjukuu wao akiwa kiti cha nyuma, na taa yenyewe hakuiona. Hata alipoambiwa aliuliza, taa gani?

Valiant ndilo lililomtoa dirishani. Alikwangua kutu, akaziba matundu, akapaka rangi mpaka mlango ukawa unaonyesha uso wako. Kisha akatangaza: "Tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, nalitoa kwenye gwaride. Mitaa minne tu, mama. Nani ataniuliza leseni?"

Kila mtu wa Bucyrus anajua gwaride linavyokwenda. Magari ya zamani yanapita polepole, walio ndani wanarusha peremende, na watoto wanazikimbilia mpaka chini ya bampa. Lorna akifumba macho aliwaona watoto hao, na akamwona Wendell asiyeiona taa nyekundu.

Kumkataza usoni hakuweza. Angemrudisha dirishani, na safari hii asingetoka tena. Basi theluji ilipoanza kuyeyuka, akaanza kuiba.

Wizi nao una kazi yake. Lorna, ambaye tangu waoane hakuwahi kukanyaga gereji ila kumwita mtu chakula, alilazimika kwenda kila siku kuona kazi imefika wapi. Alibeba kahawa na pai ya cheri, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza hiki ni nini na kile ni cha nini. Wendell akamweleza kabureta kama anayesimulia habari za majirani. Siku nyingine walicheka mpaka kahawa ikapoa. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote: kwamba alikwenda kama mpelelezi, na alikuwa anafurahi.

Wiki ya gwaride ilipofika, jirani yao Duane alipitia gerejini, Lorna naye akiwapo na kahawa yake. Wendell akapiga starta. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza.

"Mzee Wendell," Duane akacheka, "mashine yangu ya kukatia majani ingekuwa imeshafika Cleveland na kurudi!"

"Akili inaniondoka, Duane. Vitu naviweka, sivioni." Alisema hivyo ameinama ndani ya boneti, uso hauonekani.

Lorna akatamani ardhi ipasuke immeze. Kumwibia mtu rota ni kitu kimoja, lakini kumfanya aamini kwamba anaharibikiwa akili ni dhambi nyingine kabisa. Akaiacha kahawa juu ya ndoo, akaondoka bila kuaga.

Mkesha wa gwaride akapiga moyo konde. Alifungua kopo la shayiri, akatoa rota moja, akaipangusa kwa aproni na kuvuka uwanja hadi kwa Duane. Uso ulikuwa umemwiva.

"Ni mimi," akasema kabla hajakaribishwa. "Ninayemwibia ni mimi. Nakuomba uifunge hii kesho asubuhi, uendeshe wewe, yeye akae pembeni arushe peremende. Nitamwambia kila kitu mwenyewe. Akitaka kunichukia, na anichukie, mradi ajue akili yake ni nzima."

Duane akaiangalia rota, akamwangalia Lorna, akakuna kisogo.

"Bi Lorna, hata nikiifunga halitawaka. Lile gari halina tangi la petroli."

"Halina? Nani kalitoa?"

"Yeye mwenyewe. Liko bandani kwangu tangu Aprili. Alinikanya nisithubutu kukwambia. Alisema siku utakayojua kwamba ameshaamua haendeshi tena, hutakuwa na sababu tena ya kwenda gereji kumpeleleza na kumwibia rota."